Lililoning'inia Tumboni mwa Ndege

Ukiletewa ndege ya kivita ya mbao uikague, usianze na mabawa. Kila mtu huanza na mabawa kwa sababu ni makubwa, na fundi mjanja analijua hilo, ndiyo maana huyapiga msasa mpaka yanang'aa. Wewe igeuze. Tazama tumboni na chini ya mabawa, pale panaponing'inia mizigo. Fundi akidanganya, hudanganyia pale.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaochonga sasa, mlionijia juzi na ndege yenu nikaikataa. Mlikasirika. Mmoja wenu akasema, "Mzee, bomu ni bomu. Nani atajua?" Sikumjibu kwa sababu jibu lake ni refu na mimi kukaa kitako kwa muda mrefu sijapata kuweza. Nimejaribu kuliandika. Nimeinuka mara nne kabla ya kufika hapa.

Mimi nilizaliwa Mbwera, deltani, nikaacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa. Niliona mwalimu anarudia mambo yale yale ya mwaka jana, nikachoka, nikaondoka. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba nilikuwa nimerudishwa darasa. Nikauza ufuta Mtunda, nikawa utingo wa lori, nikapaka rangi mitumbwi, nikafuata mashua ya kuvua kamba msimu mmoja nikatapika msimu mzima. Kazi yoyote nikishaijua inavyokwenda, miguu inaniwasha. Kuchonga ndege ndiyo kazi pekee ambayo sikuwahi kufika mwisho wa kuijua, na ndiyo maana ilinishika zaidi ya miaka ishirini.

Ilianza Ndundu, kwenye pantoni ya kuvukia Rufiji. Daraja halikuwepo. Magari yote ya kusini yalivukia pale, na mto ukijaa mabasi yalipanga foleni mpaka abiria wakajuana majina. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, mitumba ilishuka kwa marobota, na mtu aliyekwama foleni alikuwa tayari kununua kitu cha kumtuliza mtoto. Nikachonga ndege za msufi, kwa kuwa msufi ni mwepesi na haubishani na kisu. Nilizipa mabawa, mkia na mabomu. Zenye mabomu ziliuzika kuliko za abiria. Watu wakaniita Rubani. Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, alikuwa akiniona tu anauliza, "Rubani, leo unaruka au unatua?" Alikuwa anataka kujua kama nitaamkia pale kesho yake. Mara nyingi nilikuwa sijui.

Siku moja mzee mmoja mrefu aliyekuwa akisubiri basi la Songea aliishika ndege yangu akaigeuza tumbo juu. Wateja hawakuwa wakifanya hivyo.

"Hii ni nini?"

"Ndege ya vita, mzee. Ina mabomu yake."

"Nayaona. Inatuaje?"

"Inatua kama zinavyotua wenzake."

Akaweka kidole penye shina la bawa. "Magurudumu ya ndege hii yanashukia hapa. Na hapa umeweka bomu. Rubani wako akitaka kutua, atatulia juu ya bomu lake."

Watu wakacheka. Nikasema, "Ndiyo maana ikaitwa ndege ya vita."

Yeye hakucheka. "Uliiona wapi?"

"Kwenye karatasi ya karanga."

"Karatasi ilikuwa safi?"

Nikafikiri. "Ilikuwa na mafuta kidogo hapo katikati."

"Basi kijana wangu, ulichochonga ni doa la mafuta."

Huyo ndiye Mzee Komba. Alikuwa na banda la kutengeneza baiskeli Kibiti, na kabla ya baiskeli alikuwa jeshini, fundi wa kufunga silaha kwenye ndege. Si rubani, nasisitiza. Rubani anaondoka na mzigo. Komba ndiye aliyeufunga. Alikuwa Mngoni, mtu wa kanisa, mwenye mikono mikubwa iliyogusa vitu polepole kana kwamba kila kitu kinaweza kulipuka, hata kikombe cha chai. Basi lake lilipovuka mimi nilibaki na doa langu la mafuta, na usingizi ukanipaa. Aliporudi kutoka Songea alinikuta nimekaa mlangoni pa banda lake.

"Unataka nini?"

"Nataka kujua yanakaa wapi."

"Nini?"

"Mabomu."

Akanitazama sana. "Shika hiyo tairi kwanza," akasema.

Kwa hiyo nilijifunza mabomu nikiziba pancha. Komba hakufundisha kwa mpangilio. Utamkuta anakaza spoku, halafu aseme, bila kuinua uso, kwamba bomu la zamani lilikuwa nene kama gunia la mpunga kwa sababu lilibebwa ndani ya tumbo la ndege za mwendo wa pole, lakini ndege za jeti zilipoanza kubeba mzigo nje, unene ule ukawa unavuta upepo, ndipo mabomu yakakonda yakawa kama samaki mkizi. Halafu anyamaze siku mbili. Mimi siku hizo mbili nilikuwa nachonga upya kila nilichokuwa nimekwisha kuchonga.

Alikuwa na maswali matatu, na msipokumbuka kingine katika karatasi hizi kumbukeni hayo. Ndege hii ni ya nani? Ya mwaka gani? Siku hiyo ilikuwa inakwenda kufanya nini? Kila nchi ina mabomu yake na vibanio vyake vya kuyashikia, na bomu la huku halishiki kwenye kibanio cha kule, sawa na nati ya baiskeli ya Kichina na ile ya Kihindi. Mwaka ni muhimu kwa sababu ndege hiyo hiyo hubadilika. Mig-21 za mwanzo zilikuwa na vining'inizo viwili tu chini ya mabawa, kimoja kila upande; za baadaye vinne. Ukiweka mizigo minne kwenye ndege ya viwili, umejenga nyumba ya vyumba vinne kwenye kiwanja cha viwili. Na kazi ya siku hiyo ni muhimu kwa sababu ndege inayokwenda mbali inabeba mafuta zaidi na mabomu machache, na anayepita chini kabisa anahitaji bomu lenye mapezi yanayofunguka kulichelewesha, ama sivyo litamlipukia yeye mwenyewe mgongoni.

Mabomu nilianza kuyachonga kwa mkandaa niliouleta kutoka kwetu deltani. Ni mti wa mikokoni, mgumu, mzito, una wekundu unaoshika rangi vizuri. Ndege ya msufi yenye mabomu ya mkandaa inakaa vizuri mkononi. Uzito unakuwa chini, pale unapotakiwa kuwa. Tatizo ni kwamba mkandaa ukikauka vibaya hupasuka. Niliwahi kuuza ndege kwa bwana mmoja wa idara ya kilimo, na baada ya wiki akaja kuniambia bomu lake limepasuka juu ya kabati wakati familia inasali. Alisema mkewe alilia. Hata Komba siku hiyo alicheka, akalazimika kuweka spana chini.

Mara tatu niliondoka Kibiti. Mara moja kwa ajili ya ufuta, mara moja kwa ajili ya mwanamke wa Ikwiriri ambaye naye aliniona natazama barabara kuliko ninavyomtazama yeye, na mara moja bila sababu yoyote. Kila mara nilirudishwa na kitu kidogo. Safari moja robota la mitumba lilifunguliwa, na ndani ya koti kukawa na jarida la kigeni lenye picha ya ndege ambayo mkia wa bomu lake sikuuelewa. Nilipanda lori la chumvi usiku huohuo kumpelekea Komba. Aliangalia picha akasema, "Hilo bomu lina akili. Linaongozwa. Usiliweke kwenye ndege ya zamani." Sikumsikia. Nikaliweka, kwa sababu lilikuwa zuri. Mzungu mmoja mwenye kambi ya watalii huko juu ya mto akairudisha ndege ile kwa dereva wake, na barua fupi ambayo Komba alinisomea: ndege ilikuwa imestaafu kabla ya bomu kuzaliwa. Komba akaongeza lake. "Umemchora babu yako siku ya harusi yake, halafu umemvisha raba za mtumba."

Basi. Hayo yote ni utangulizi, na nimeinuka tena mara mbili. Sasa nitamtaja Mwalimu Deo.

Alikuwa Mhaya, anafundisha historia katika sekondari moja ya upande wetu. Mwembamba, mwenye viatu vinavyong'aa hata katika matope ya masika, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa darasani. Wanafunzi walisema anafundisha kama mtu anayesubiri gari. Nilimpenda kwa hilo. Alikuja bandani na baiskeli mbovu siku ambayo Komba alikuwa amekwenda kanisani kwenye kikao, akaona ndege zangu zimening'inia darini kwa nyuzi za kuvulia. Alizitazama mpaka nikamaliza kuziba pancha na kujaza upepo.

"Unaweza kuchonga ndege ambayo mtu ameiona kwa macho?" akauliza.

"Akinieleza vizuri."

"Ni ya kufundishia. Vita vya Kagera. Mimi nilikuwa nyumbani kwetu kule, likizo ya chuo."

Akanieleza vizuri kuliko mteja yeyote. Pua yenye shimo duara lenye kitu cha ncha katikati. Mabawa ya pembetatu. Mabomu mawili madogo mabawani, moja upande huu, moja upande ule. "Na tumboni bomu moja kubwa, refu. Hilo ndilo nataka litoke sawasawa. Niliona linaanguka."

Nikachonga kwa siku tisa. Haikuwa desturi yangu kukaa siku tisa mahali pamoja. Mig-21 ile ilikuwa nzuri, nawaambia ukweli. Bomu la tumboni nililifanya nene, pua butu, mkia wenye pete kama ngoma, kwa mkandaa mkavu uliokaa juu ya moshi mwaka mzima. Nikampa Komba aione kabla sijaipeleka.

Akaigeuza.

"Hili la tumboni nani kakwambia ni bomu?"

"Mwalimu. Kaliona likianguka."

"Alilionaje? Nene namna hii?"

"Alisema refu. Nene nimeliongeza mimi. Bomu refu jembamba kiasi kile halikunikaa akilini."

Komba akaweka ndege mezani. "Refu. Jembamba. Tumboni mwa Mig. Halafu mabawani mawili madogo. Hilo ni tangi la mafuta, Rubani. Ndege ilikuwa inakwenda mbali, ikabeba mafuta ya ziada tumboni. Yakiisha, au mambo yakiwa ya moto, rubani analiachia lisimlemee. Mabomu ni hayo mawili ya mabawani."

Nilifurahi. Mtu mwingine angeudhika kuwa kazi ya siku tisa imeharibika, mimi nilifurahi kama niliyeokota kitu njiani. Nikachukua kipande cha msufi, nikachonga tangi refu, jembamba, lenye mapezi madogo nyuma, nikalichora mshono ubavuni na kizibo cha kujazia mafuta, nikaling'oa bomu na kulibandika tangi. Nikapanda baiskeli mpaka nyumba za walimu nikiimba.

Hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, na halikuwa la mkono.

Mwalimu alikuwa amesimama kibarazani anasahihisha madaftari. Nikamkabidhi ndege, nikaanza kumcheka kama tunavyochekana sisi mafundi. "Mwalimu, umesoma mpaka chuo na jicho lako limekudanganya. Ulichokiona kikianguka siyo bomu. Ni tangi tupu la mafuta. Mabomu yalikuwa bado yapo, haya hapa, mabawani."

Aliigeuza ndege. Akagusa tangi, kisha bomu moja, kisha la pili.

"Yalikuwa bado yapo," akasema.

"Yote mawili."

Akaweka kalamu yake nyekundu kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa haijafunikwa, na wino ukaanza kuenea kwenye kitambaa, naye hakuona.

"Mimi ndiye niliyewaambia watoke," akasema.

Alinieleza akiwa amesimama. Ndege ilipokuja walikuwa wamejificha migombani, yeye, dada yake mkubwa Koku, na jirani mmoja na wanawe. Kikaanguka kile kirefu, mbali kidogo, kwenye shamba la kahawa. Wakangoja kilipuke, hakikulipuka. Ndege ikapanda ikaenda zake. Yeye ndiye msomi pale, yeye ndiye aliyekuwa na redio, yeye akasema: amekwisha kuangusha, bomu lenyewe bovu, tokeni. Koku akatoka kwenda kumfungua mbuzi. Ndege ikageuka.

Koku hakurudi.

"Miaka yote nimejua kwamba alikuwa na mabomu zaidi ya moja," akasema. "Nilijiambia kwamba nilikosea hesabu tu. Nilisema ameangusha moja, sikujua ana mengine. Mtu anaweza kukosea hesabu. Sasa unaniambia hakuwa ameangusha hata moja."

Nikasema labda Mzee Komba, aliyeniambia, amekosea. Ni mzee. Hakuwepo.

"Nataka kuonana naye," akasema Mwalimu. "Kesho kutwa, nikimaliza vipindi. Nataka aniambie yeye mwenyewe kama lile linaweza kuwa bomu."

Nilirudi Kibiti nikisukuma baiskeli niliyoweza kuipanda. Nikamwambia Komba yote. Kisha nikamwambia, "Mzee, mwambie linaweza kuwa bomu. Si umenifundisha kwamba kile kining'inizo cha tumboni kinaweza kubeba bomu pia?"

"Kinaweza."

"Basi si uongo."

"Sijui bado kama si uongo. Sijamuuliza maswali yangu."

"Ataulizwa maswali ya nini? Mtu ana kidonda."

"Wewe ulipomtonesha ulimuuliza?" akasema.

Asubuhi yake sikwenda bandani. Nilipanda gari la mkaa mpaka gatini, nikaingia boti la injini linalokwenda Mbwera. Nilijiambia naenda kutafuta mkandaa. Mjomba alinikaribisha, nikala wali wa mpunga mpya kwa kambale, watu wakauliza habari za bara, nami nikawa siwezi kukaa. Nilikwenda mpaka kwenye mikoko, nikarudi. Nikapanda mtumbwi, nikashuka. Mjomba akasema, "Huyu mtoto kila siku anaondoka, lakini leo naona hajafika." Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Nikarudi Kibiti na boti la maji kupwa, ambalo lilikwama kwenye tope nusu ya siku, na nusu ya siku ile nilisimama ndani yake kama nguzo. Nilifika bandani wakati Mwalimu anaegemeza baiskeli yake ukutani.

Komba alimpa benchi. Mwalimu hakukaa. Shati lilikuwa lile lile, doa jekundu limefuliwa likabaki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Pole kwa yale."

"Ahsante. Nakuuliza jambo moja. Lile lilikuwa bomu au halikuwa?"

"Nitakuuliza mimi kwanza, kisha tutajua wote wawili," akasema Komba. Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Lilipoachia, lilikwenda pua mbele kama mshale, au lilipinduka?"

Mwalimu akafumba macho. "Lilipinduka. Mkia ukaja mbele. Likawa linazunguka."

"Bomu limetengenezwa lisipinduke. Mapezi yanalishika. Lilipogonga, ulisikia nini?"

"Mlio wa bati. Kama pipa."

"Halikuzama ardhini?"

"Halikuzama. Lilikunjamana."

"Harufu?"

Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli kujaribu kama imepona. "Mafuta ya taa," akasema. "Migomba yote ilinuka mafuta ya taa. Nilisema kwa jirani pameungua taa."

Komba hakutazama pembeni. Alimtazama usoni. "Jeti hutumia mafuta ya namna hiyo. Lilikuwa tangi, Mwalimu."

Nilitaka kumpiga mzee yule. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea barua aliyojua imo njiani.

"Sasa niulize mimi lililobaki," akasema Komba.

"Lipi?"

"Niulize mimi nilichukua muda gani kujifunza kutofautisha."

Komba akajijibu. "Nilipelekwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Nimekaa darasani miezi, nalishwa, nalipwa. Siku ya mtihani walitandika vitu chini, vimetulia, mchana kweupe, mimi natembea navitazama. Nikaandika tangi moja kwamba ni bomu. Mwalimu wangu akanirudisha mwanzo. Na lile halikuwa linaanguka kutoka mawinguni, na sikuwa na dada migombani." Akalikunja tambara. "Wewe ulikuwa na muda gani?"

"Sikuhesabu."

"Nakuuliza kama fundi. Kutoka lilipoachia mpaka lilipofika chini."

"Kama kusema Baba Yetu uliye mbinguni. Hayo tu. Nusu ya sentensi."

"Basi."

Mwalimu alisema, "Lakini nilisema kwa uhakika, Mzee. Ningesema sijui, asingetoka."

Komba alisema, "Mimi nimefunga mizigo miaka mingi. Sijawahi hata mara moja kuona inapoangukia. Watu wa huko chini ndio mnaojua." Kisha akainama, akaishika baiskeli ya Mwalimu, akaanza kukaza breki ambayo haikuwa imelegea.

Tangu siku ile niliongeza swali la nne kwenye yale matatu ya Komba, na hili ni langu: nani aliiona? Kabla hujarekebisha bomu la mtu, jua kama alikuwa chini yake. Ukijua, bado urekebishe. Sisemi umwachie uongo, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe hakuuomba. Lakini usimpelekee ukweli huku unaimba.

Ndege niliitengeneza mara ya tatu. Mwalimu aliomba tangi liwe peke yake, linaloweza kutolewa na kuwekwa mezani. Nikalichonga jipya, nikaweka kibanio kidogo cha waya tumboni mwa ndege, likawa linashika na kuachia. Mshono na kizibo akasema nisivichore. Nilibisha, maana alama hizo ndizo zinazolitambulisha. Akasema, "Mimi sikuviona. Na wao wasivione." Mzee Komba alipoambiwa alikubali, alisema kutoka pale chini hata yeye asingeviona.

Nilimpelekea shuleni kabla ya kipindi, akaniambia niingie nikae nyuma. Kidato cha tatu, madirisha hayana vioo, mvua imetoka kunyesha na barabara ya Lindi inasikika na malori yake. Niliketi kwenye dawati kwa mara ya kwanza tangu darasa la tano, na magoti hayakuenea.

Aliiinua ndege juu ya kichwa chake. Akatembea nayo mbele ya darasa, polepole, kutoka dirisha hadi mlango. Katikati ya safari akabonyeza waya. Tangi likaanguka sakafuni, likabiringika mpaka chini ya dawati la mbele.

"Kimeanguka nini?" akauliza.

Mikono ikanyooka.

"Sema, Zainabu."

Msichana akasimama. "Bomu, Mwalimu."

"Nani ana jibu jingine?"

Mikono yote ikashuka.

"Mna uhakika?"

"Ndiyo, Mwalimu," wakasema kwa pamoja, kama wanavyosema watoto wa shule, kana kwamba umewauliza jina la mto wao.

Nilidhani atawaeleza. Alikuwa na chaki mkononi. Aligeukia ubao, hakuandika, akageuka tena, akavuta kile kiti cha mbele ambacho nadhani hakuna aliyewahi kukiona kikivutwa, kwa sababu miguu yake ilipiga kelele kwenye saruji na darasa zima likashtuka. Akakaa.

"Zainabu huwa wa kwanza darasani," akaniambia mimi kule nyuma, juu ya vichwa vyao.

"Nimemsikia, Mwalimu," nikasema.

"Okota, Zainabu," akamwambia yule msichana. "Lishike. Mpe mwenzako naye alishike. Kisha nitawaambia habari za dada yangu."